Familia ya watu watano tunataka kuingia mbio za boti za mashine hapa Dar. Tuanze na chombo gani?

Mjimwema_Watano

Wakuu, salaam. Nauliza kwa wanaoujua mchezo huu. Mimi, mama watoto, vijana wawili (17 na 15) na binti wa miaka 11, tumeamua tushike mchezo mmoja wa pamoja badala ya kila mtu kwenda kivyake. Wote tunaogelea vizuri, baharini pia.

Kuna boti ya faiba ya futi 16 inauzwa huku Kigamboni ikiwa na mashine ya Yamaha ya HP 40 (nguvu za farasi) ya kuendeshwa kwa mkono, iliyokuwa ya uvuvi. Muuzaji anasema ukiibadilishia propela tu inapaa. Naomba msaada kwenye mambo haya:

Je, hiyo faiba inafaa au tutafute boti ya mpira? Kwenye mashine iliyotumika kwa uvuvi nikague nini? Binti wa 11 anaweza kushiriki kitu gani cha maana, au atabaki kushika taulo ufukweni? Na mazoezi yafanyike wapi na saa ngapi bila kugombana na wavuvi wala serikali?

---

fundi_wa_tezi

Mkuu, faiba ya uvuvi iache. Ile boti imechongwa ibebe mzigo: tumbo limeingia ndani ya maji, faiba ni nene, na ubao wa tezi, ule wa nyuma unaofungiwa mashine, umeshanyonya maji kwa miaka. Gonga ubao wa tezi kwa mpini wa bisibisi kuanzia juu kushuka chini. Sauti ikitoka kavu, kama mlango, ni mzima. Ikitoka butu, plywood ya ndani imeoza, na siku utakayopiga kona kwa kasi, mashine inaweza kuondoka na kipande cha boti.

Kwa familia nashauri boti ya mpira ya matumbo mawili, ile wenzetu wa Afrika Kusini walioukuza mchezo wake wanaiita Thundercat. Urefu ni kati ya mita 3.8 na 4.3. Watu wawili wanapanda: rubani anashika mkono wa mashine, mwenzake anakaa mbele na kazi yake ni kuhamisha uzito. Kwenye kanuni za UIM, shirikisho la dunia la mchezo huu lenye makao Monaco, zinaingia kundi la P750, na hiyo 750 ni ukomo wa ujazo wa mashine kwa cc. Wengi hufunga ya HP 50 yenye silinda tatu, stroku mbili. Ninyi anzeni na 30 au 40, inatosha kuwatisha.

Kwa nini mpira? Kwanza, boti mbili zikigusana kwenye boya, mpira unaruka nyuma, faiba inapasuka. Pili, ikipinduka haizami, na watu wawili wanaigeuza. Tatu, watu wanne wanaibeba mchangani bila trela.

Upepo wa matumbo ndipo wengi wa hapa Dar wanaharibu. Boti nyingi za aina hii hujazwa karibu bar 0.25. Hewa ya nyuzi 30 ikipanda hadi 50 kwenye jua la saa saba, presha inasogea hadi karibu bar 0.33 bila mtu kugusa pampu, na mishono inaanza kuachia gundi. Boti ikikaa mchangani punguza upepo, kisha jaza tena ikiwa majini na imepoa. Pima kwa geji. Kupima kwa kidole gumba hakuna maana.

---

kijana_wa_Msasani

Fundi, hapo kwenye mpira tuko pamoja, ila mashine ya uvuvi usiitupe yote. Yamaha 40 Enduro vipuri vyake vimejaa mjini na kila fundi wa pwani anaifungua macho yamefumba. Mashine za mbio za Ulaya ukivunja gia unasubiri kontena.

---

fundi_wa_tezi

Kijana, sijasema aitupe. Aikague kabla ya kulipa, kwa mpangilio huu.

Fungua skrubu ya chini ya oili ya gia, toa matone kidogo. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, sili zimekwisha. Toa plagi, pima mgandamizo wa kila silinda. Tofauti kati ya moja na nyingine isizidi asilimia 10. Iwashe kwenye pipa la maji, uangalie kile kimkojo cha maji ya kupoza. Kinatakiwa kitoke kwa nguvu na kisikatike. Kikiwa dhaifu, huenda ni impela (kifeni cha pampu ya maji) imechoka, ambayo ni kitu kidogo, au njia za maji zimejaa chumvi kwa sababu haijawahi kuoshwa kwa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi. Ya pili ni ghali. Mwisho pima urefu wa mguu: kuna wa inchi 15 na wa inchi 20. Ukifunga mguu mrefu kwenye ubao mfupi, mashine inaburuta maji na boti inakuwa nzito kugeuka. Kinyume chake, propela inakula hewa kila wimbi.

Sasa hilo la "badilisha propela inapaa". Propela ya uvuvi ina pichi ndogo ili isukume mzigo. Pichi ni umbali ambao propela ingeenda mbele kwa mzunguko mmoja kama maji yasingeteleza. Piga hesabu: mashine inazunguka 5,500 kwa dakika, gia ni 2 kwa 1, kwa hiyo propela inazunguka 2,750. Pichi ya inchi 13 ni sentimita 33. Zidisha, unapata mita 908 kwa dakika, sawa na kilomita 54 na nusu kwa saa. Toa asilimia 15 ya kuteleza, unabaki na kama 46. Hakuna kupaa hapo. Ukiona mtu anakuambia 40 ya uvuvi itakupa 80, mwombe apande mwenyewe akuonyeshe.

Funga takometa (kipima mizunguko), usichague propela kwa kusikiliza mlio. Enduro 40 ikiwa imefunguliwa mafuta yote na watu wawili ndani iwe kati ya 4,500 na 5,500, na kwa mbio unataka ikaribie kile cha juu. Ikiishia 5,000, punguza pichi. Kila inchi moja inakupa mizunguko kama 150 hadi 200. Ikivuka 5,500, ongeza pichi, la sivyo unaichoma. Halafu jaribu tena na mtu wa mbele yule yule utakayepanda naye siku ya mbio. Kilo 20 tu zinabadilisha jibu.

Mafuta: 50 kwa 1 kwa mashine iliyozoea, yaani dumu la lita 20 za petroli kwa mililita 400 za oili. Ikiwa mpya au injini imefunguliwa na kutengenezwa upya, saa 10 za kwanza ni 25 kwa 1, mililita 800 kwa dumu hilo hilo. Mimina nusu ya petroli, weka oili yote, tikisa, ndipo umalizie petroli. Oili iwe yenye alama TC-W3. Ile ya pikipiki ya stroku mbili imetengenezwa kwa injini inayopozwa na hewa na inaacha majivu. Kwenye mashine ya boti majivu yanaganda juu ya pistoni na kwenye plagi, na ringi zinakwama.

---

Mjimwema_Watano

Asante sana fundi, faiba nimeachana nayo. Swali la nyongeza: mnasema inapinduka. Ikipinduka na mashine ikazama maji ya chumvi, ndiyo basi tena?

---

fundi_wa_tezi

Hapana, ila una saa mbili tatu tu. Kinachoua mashine ni hewa kuikuta ikiwa na chumvi ndani.

Ikiwa ilikuwa inanguruma ilipozama, usivute kamba kwa nguvu. Vuta taratibu. Ikigoma, maji yamo ndani ya silinda na maji hayabanwi. Ukilazimisha unapinda konrodi. Toa klipu ya kamba ya kuzimia mashine ili plagi zisipige cheche, maana petroli imetapakaa. Osha mashine yote kwa maji baridi mengi, nje na mdomo wa kabureta. Toa plagi, laza mashine matundu yakiangalia chini, vuta kamba mpaka yasitoke maji tena. Fungua skrubu za chini za kabureta, mwaga zote. Mafuta ya tangi lile yaondoe, usiyachuje "kuokoa". Weka kijiko kimoja cha oili ya TC-W3 kwenye kila silinda, vuta mara kadhaa, rudisha plagi kavu, unganisha tangi jingine, washa. Ikiwaka iache ingurume nusu saa ikiwa inapozwa na maji baridi. Itatoa moshi kama tanuri la mkaa. Ni ile oili tu inaungua.

Kama upo mbali na huna zana, itumbukize nzima kwenye pipa la maji baridi mpaka utakapofika kwa fundi. Watu wanashangaa, lakini ni salama kuliko kuiacha ikauke na chumvi juani.

Na hata isipozama, kila mkitoka baharini iosheni kwa maji baridi dakika 10 hadi 15 ikinguruma taratibu. Zinki, kile kipande kinacholiwa na chumvi badala ya mashine, ikiliwa nusu, badilisha. Impela badilisha kila mwaka hata kama inaonekana nzima. Mchanga wa huku unaitafuna.

---

MamaNahodha

Kaka wa Mjimwema, mafundi wamemaliza ya mashine, ngoja niseme ya watu, maana familia nyingi zinakosea hapo: baba anashika mkono wa mashine, wengine wote ni watazamaji. Mwezi mmoja hivi watoto wanarudi kwenye simu zao.

Binti wa 11 usimpandishe mbio za boti dhidi ya boti. UIM wana mpango wa vijana unaoitwa Formula Future, unaopokea watoto wa kuanzia miaka 8, na umejengwa vizuri kwa umri huo: mtoto anaendesha peke yake, boti ndogo ya mpira, mashine ndogo, anapita katikati ya maboya kwa kupimwa muda. Na kabla hajawasha anafunga mafundo. Igizeni huo mfumo. Maboya sita, mita 15 kati ya moja na jingine, kwenda kwa nyoka na kurudi. Akigusa boya ongeza sekunde 5. Mafundo matatu yanatosha kuanza: kitanzi kisichokaza, fundo la nambari nane, na la kufungia boti kwenye nguzo. Kwenye mkono wa mafuta funga kizuizi ili mashine isifunguke zaidi ya theluthi moja, lakini hakikisha kizuizi hakizuii kurudi hadi mwisho wa chini. Hilo lijaribuni mashine ikiwa imezimwa.

Huyu wa 15 anaweza kwenda kwenye mfano wa GT15, kundi la vijana lenye mashine za HP 15. Wa 17 na mama yake wawe jozi kwenye Thundercat. Sikutanii, dada yangu huyo anafaa sana kiti cha mbele. Kazi ya mbele haihitaji misuli kama wanavyodhani wanaume. Inahitaji mtu anayesoma wimbi na kusema mapema. Upepo ukiwa wa mbele, anajisukuma hadi omo (mbele kabisa ya boti) ili boti isiinuke ikapinduka kinyumenyume. Kwenye kona anaingia upande wa ndani kabla rubani hajageuza mkono. Akichelewa nusu sekunde tumbo la nje linachimba maji na wote wawili wanarushwa. Mazoezi ya hilo mnaanzia nchi kavu, boti ikiwa mchangani: rubani anasema "kushoto", "mbele", "shika", mwenzake anahama. Mpaka ifike hatua asisubiri kuambiwa.

Miguu: mikanda ya kuingizia miguu isikaze. Mguu uingie hadi katikati ya unyayo na utoke wenyewe mtu akirushwa. Vifundo na magoti ndivyo vinavyoumia kwanza kwenye mchezo huu.

Kamba ya kuzimia mashine inafungwa pajani au kwenye jaketi okozi, siyo mkononi ambako inateleza, na siyo kwenye mpini kwa sababu "inasumbua". Kila siku kabla ya kutoka, washa, vuta kamba, mashine izime. Isipozima hakuna mazoezi, mrudi nyumbani. Boti isiyo na mtu huzunguka duara na kumrudia yule yule aliyeanguka, propela ikiwa mbele yake.

Jaketi okozi liwe la mchezo wa kasi, lenye mikanda mitatu au minne na linalobana. Lile la rangi ya chungwa la kwenye vivuko linapanda shingoni ukianguka kwa kasi. Helmeti ya bodaboda hapana. Sponji yake inanyonya maji, kichwa kinakuwa kizito, na taya lake linakamata maji kama ndoo na kuvuta shingo. Rangi ya helmeti iwe kali. Kichwa cheusi majini hakionekani kwa anayekuja nyuma.

Na msiende kwenye zile boti zenye chumba kilichofungwa mpaka mpitie zoezi la kupinduliwa kwenye bwawa ukiwa umefungwa mkanda. Kwenye madaraja hayo, dereva asiyepita zoezi hilo hashindani.

---

Mjimwema_Watano

Dada, ubarikiwe. Mke wangu amesoma hili jibu mara mbili na sasa ananitazama kwa dharau.

---

Kusi_na_Kaskazi

Sasa bahari.

Siku za bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hapa Dar maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, na hukauka kwenye saa nne. Kwa hiyo Jumamosi ya mwezi mpevu ukifika pwani saa nne asubuhi na boti yako, utakuta mchanga, matumbawe na akina mama wanaokota chaza. Tofauti ya maji inapita mita 3. Asubuhi za mazoezi zipangeni siku za maji mafu (kupwa na kujaa kudogo, katikati ya bamvua mbili), ambapo saa nne hiyo hiyo maji yako juu na mkondo ni mdogo. Bamvua likiwepo, nendeni jioni, lakini miezi ya kusi (upepo wa kusini), Mei hadi Septemba, jioni upepo unakuwa umeshachafua bahari. Miezi mitamu ni ile ya matlai, katikati ya misimu. Angalieni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa usiku wa kuamkia. Wakitoa tahadhari ya upepo na mawimbi, lala.

Mahali: mbali na mlango wa bandari na njia ya meli na vivuko, hilo halina mjadala. Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi za bahari, usiende kuweka maboya huko. Ufukwe wa Coco umejaa waogeleaji. Tafuta eneo lenye mchanga chini, kina cha mita 3 kwenda juu hata maji yakikupwa, na ukazungumze na wavuvi wa hapo kabla hujashusha chochote. BMU ya eneo, yaani kamati yao ya ufukwe, ndiyo inayojua dema (mitego ya samaki) ziko wapi na nyavu zinatandazwa siku gani. Kamba ya dema ikijizungusha kwenye propela mtu akiwa kwenye kasi, boti inasimama na abiria anaendelea.

Chombo kinasajiliwa na kukaguliwa TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini, hata kama ni cha mpira. Siku mtakapotaka kualika wengine mshindane, hayo ni mashindano: wajulishe TASAC na Polisi Wanamaji kwa maandishi mapema, na Mamlaka ya Bandari kama mko karibu na maji yao. Boti ya uokoaji iwepo muda wote, iwe haishindani, na iwe na redio ya VHF, chaneli 16, na mtu wa kuogelea asiye dereva. Yule wa 15 akiwa hashindani siku hiyo, kazi ya bendera inamfaa: njano ni hatari, punguza na usipite mtu, nyekundu simama, nyeusi wewe umetolewa, ya mraba mraba mwisho. Aliyeanguka na yuko salama anainua mikono yote miwili. Asiyeinua, nyekundu inapanda hapo hapo.

Maboya: madumu ya lita 20 yaliyopakwa rangi yanatosha kwa mazoezi, nanga mfuko wa mchanga wa kilo 30. Tatizo ni kamba. Ukiipima maji yakiwa yamejaa, yakishuka mita mbili una mita mbili za kamba inayoelea, na ndiyo propela inakopita. Tumia nailoni inayozama, siyo ile ya plastiki inayoelea, kisha ning'iniza jiwe la kilo 3 mita moja chini ya dumu. Maji yakipungua jiwe linavuta ulegevu kwenda chini, kamba inabaki wima.

---

kijana_wa_Msasani

Nyongeza ya kuanza mbio: msianze mkiwa mmesimama. Boti nyepesi ikifunguliwa mafuta yote kutoka sifuri inasimama wima kabla mtu wa mbele hajajipanga. Anzeni mkitembea taratibu kwenye mstari mmoja nyuma ya boti ya kuongoza, nafasi ya urefu wa boti tatu baina yenu, kisha bendera ya kijani. Boya la kwanza liwe mbali, mita 300 hivi, ili mnyooke kabla ya kona. Wengi hugongana kwenye boya la kwanza.

---

Mjimwema_Watano

Wakuu nimeelewa, nashukuru. La mwisho: mpira tutaubeba, ila mashine mbili na matangi tutaweka kwenye trela ndogo na kuishusha hadi majini hapa Mjimwema. Kuna tahadhari?

---

fundi_wa_tezi

Beringi. Ukitoka barabarani vikombe vya magurudumu ni moto. Ukizamisha hapo hapo vinapoa ghafla, hewa ya ndani inasinyaa, na maji ya chumvi yanafyonzwa kupita sili. Baada ya wiki chache gurudumu linakwama njiani Kibada. Fika, shusha vitu, fungeni mashine, jazeni upepo. Ndani ya dakika 20 vimepoa. Tumia grisi ya majini, siyo ya gari, na ukirudi zimwagie maji baridi. Taa za trela zichomoe kabla ya kuzamisha, balbu ya moto nayo hupasuka vivyo hivyo.